Spana ya Mjomba

Sista Costancia hakuwahi kuiba kitu maishani mwake mpaka siku ile tuliyokwenda Mikumi. Najua akisikia nasema hivi atakunja uso: "Mwalimu Agatha, sikuiba. Nilishika rehani." Haya, rehani. Lakini mimi nilikuwepo, na nilichokiona ni mtawa mzima, msalaba kifuani, amekalia spana ya mwanamume kando ya barabara kuu, huku madereva wa malori wakishika mbavu kwa kicheko.

Nianze na mtoto, maana bila mtoto yote haya yasingetokea. Yusrah alikuwa darasa la saba katika shule yetu ya huku Masanze, barabara ya kutoka Kilosa mjini kwenda Mikumi. Baba yake, Mudi, analima mpunga na ufuta kama wengi wetu. Mama yake ni Doto, mwanamke mpole kiasi kwamba ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi. Sijui mtoto wa watu wapole hivyo alikitoa wapi kichwa kile. Sista akiandika swali la hesabu ubaoni, wenzake wanainamisha vichwa, Yusrah anatabasamu. Nimefundisha Kiswahili shuleni pale miaka mingi, na sijaona mtoto mwingine anayelitabasamia swali la asilimia.

Sista naye alikuwa mwaka wake wa tatu kwetu. Kabla ya hapo alifundisha Tabora, akafundisha Sumbawanga, miaka zaidi ya thelathini mbele ya ubao, na shirika lake lilikuwa limeshamwambia kwamba mwakani anapumzika. Aliishi kwenye nyumba ya masista Kilosa mjini na kila asubuhi alikuja kwa pikipiki, koti la mvua juu ya vazi lake la utawa hata kama jua linapasua mawe, kwa ajili ya vumbi. Ni mkali. Fimbo hana, lakini akikutazama juu ya miwani unakumbuka hata dhambi ulizokwisha kuungama. Na alikuwa na mtindo wake mmoja: mtoto asipofika shule, anaweka kipande cha chaki juu ya dawati lake. Kesho yake anaweka kingine. Hakuna ruhusa ya kuvigusa. Mtoto akirudi, anakwenda ubaoni kufanya maswali mpaka vipande vile viishe. Watoto walizilalamikia sana chaki zile, lakini wote walijua zinasema nini. Zinasema kuna mtu aliyeona kwamba hupo.

Shule ilipofunguliwa Julai, dawati la Yusrah lilianza kujaa chaki.

Mimi sikuhitaji kuuliza, nimezaliwa hapa. Kwa wenyeji wa huku, binti akivunja ungo anawekwa ndani, anakuwa mwali. Haonekani na wanaume, hakanyagi uwanja, hasemi kwa sauti. Anafundwa na bibi yake na wanawake waliopitia hayo, mpaka siku ya ngoma atakapotolewa kwa vigelegele na nguo mpya. Zamani ilikuwa miezi na miezi. Siku hizi watu wengi wanayamaliza wakati wa likizo, mtoto anarudi darasani, maisha yanaendelea. Lakini ngoma inataka mavuno, na inataka mjomba. Kwenye mjomba ndipo Sista alipojikwaa.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba analisha, anavisha, anapendwa, lakini neno la mwisho juu ya mwali ni la kaka wa mama yake. Yeye ndiye anayefungua mlango. Mwisho wa Agosti, alipochoka kusubiri, nilimwambia Sista hivyo waziwazi, ofisini, mwalimu mkuu akisikia.

"Sista, Yusrah ana mjomba. Anaitwa Kulwa, pacha wa Doto, ana gereji Mikumi. Muone huyo kwanza."

"Baba yake yupo?"

"Yupo."

"Anaishi na mtoto?"

"Anaishi naye."

"Basi mjomba wa nini?"

Nikamwacha. Amenizidi umri, na mkubwa akiamua kuanguka ni vigumu kumshika mkono bila kumvunjia heshima. Jioni ile alikwenda kwa Mudi, akamkuta anapepeta ufuta pamoja na majirani, akaeleza habari ya mtihani wa taifa, kwamba ni wiki mbili zijazo, kwamba asiyefanya hana sekondari. Mudi alisikiliza kwa adabu zake zote. Mwishowe akasema mbele za watu, "Mimi sina neno, Sista. Mtihani ni mtihani. Mchukueni."

Alirudi kwangu anang'aa. "Umeona, Agatha? Mambo ni kuzungumza tu."

"Sista," nikamwambia, "umezungumza na mpangaji. Mwenye nyumba bado."

Kesho yake Yusrah hakuja. Kilichokuja ni simu. Majirani waliokuwa wakipepeta ufuta wana ndugu Mikumi, na habari ilikuwa imefika gereji kabla Sista hajala chakula cha usiku: kwamba Mudi amemtoa mwali wa watu, tena kwa kauli yake, kama anayetoa kuku. Kulwa alimpigia dada yake. Doto alikuja shuleni kunieleza, macho yamevimba, akaomba radhi kabla hata ya kusalimia. Kulwa alikuwa amesema ngoma ni Novemba, baada ya yeye kujiandaa. Mwali hatoki kabla. Na mtu yeyote akija na sheria au na polisi, mtoto anapelekwa kwa ndugu zao Lumuma, milimani, akamalizie huko ndani.

Mwalimu Lusekelo, mwalimu mkuu wetu, ni mtu wa kanuni. Aligonga meza. "Sheria iko wazi. Namwita mtendaji wa kata leo hii, na askari."

Nilimwona Sista anatamani kukubali. Nilimwona kabisa. Akanigeukia. "Agatha?"

"Mpaka mtendaji apate mafuta ya pikipiki, mtoto ameshafika milimani," nikasema. "Na hata wakimkamata mjomba, watakuwa wamemkamata mjomba. Yusrah hatakuwa darasani."

Sista alivuta kiti, akaketi. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema. "Kila mwaka, Mwalimu, kila mwaka tangu nilipoanza kufundisha, kuna dawati moja linabaki na chaki. Nafunga shule naziokota mwenyewe. Najua majina yao yote. Mwaka huu ni wa mwisho kwangu, na sitaki kuziokota." Akavaa koti lake la mvua. "Nimekosea mlango. Nipeleke kwenye mlango wenyewe."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jumamosi tukapanda pikipiki, mimi nyuma, yeye mbele, tukapita kijiji cha Ulaya ikiwa siku ya gulio, tukaingia Mikumi vumbi limetugeuza wote wawili kuwa kabila moja.

Gereji ya Kulwa iko kando ya barabara kuu, pale yanapopumzika malori ya Zambia na Kongo. Tulimkuta amelala chini ya lori, miguu nje. Alipotoka nikamwona Doto mwenyewe, sura ileile, ila huyu hakuwa na mpango wa kumwomba mtu radhi. Alitusalimia vizuri. Alimpa Sista shikamoo, akafuta viti viwili kwa kitambaa, akaagiza soda. Ukiona mtu wa kwetu amekasirika akakuagizia soda, ujue mlima ni mrefu.

Sista alianza kwa kuomba msamaha, na aliuomba vizuri, bila kuzunguka. "Niliingia nyumba ya watu kwa mlango usio wake. Mudi hana kosa, alinijibu kwa heshima. Kosa ni langu."

"Nimesikia, Sista. Yameisha." Kulwa alikuwa akifuta mikono. "Lakini mwali anatoka Novemba."

"Mtihani ni Septemba."

"Najua. Sista, naomba nikueleze, usije ukaniona mshenzi. Mwaka alipowekwa ndani Doto, mto ulifurika. Maji yaliingia usiku. Dada yangu alitolewa bila ngoma, bila wimbo, amejifunga kanga ya kuazima, akapandishwa juu ya paa mbele ya macho ya watu wote. Hakuna aliyemshangilia. Mama akasema tutamfanyia baadaye, mama akafa. Wewe unamfahamu Doto. Umewahi kumwona akiinua uso?" Akatupa kitambaa begani. "Yusrah hatatolewa kwa kuazima. Ninamwandalia ngoma ambayo mpaka Kilosa mjini wataisikia. Nyinyi mnadhani kuwekwa ndani ni jela. Wewe utajua nini habari za kuwekwa ndani?"

Hapo nilidhani Sista atakasirika. Badala yake alivua miwani.

"Mimi niliwekwa ndani mwaka mzima," akasema.

Kulwa akamtazama.

"Tunaita unovisi. Nilikuwa msichana. Sikutoka, sikupokea wageni, mama yangu alikuja akaniona kwa mbali tu. Kulikuwa na bibi mmoja mkali anatufunda: kukaa, kusema, kunyamaza. Siku ya kutoka tulivalishwa nguo mpya na tukapewa jina jipya. Mama yangu alipiga vigelegele mpaka padri akamtazama. Baba yangu aliuza ng'ombe kwa ajili ya siku ile. Ningekosa siku ile, ningeidai mpaka leo. Kwa hiyo sijaja kukwambia umfutie Yusrah siku yake. Nisingethubutu."

Nimefanya kazi naye miaka mitatu na sikuyajua hayo. Kulwa naye alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo hakujua ipo. Lakini ni mtu mgumu. Akatikisa kichwa taratibu. "Umesema maneno ya mtu mzima, Sista. Nakushukuru. Lakini maneno matupu hayamtoi mwali." Akanyanyuka, akachukua spana yake kubwa ya tairi, akageukia lori. Lilikuwa limening'inia juu ya jeki, gurudumu moja liko chini, na dereva wake, Simoni, anatembea huku na huku akitazama saa.

Ilikuwa imeisha. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumalizia soda yangu. Kulwa, kwa adabu tu ya kumsindikiza mgeni, akauliza akiwa ameshachuchumaa, "Kwani Sista wewe ni mtu wa wapi?"

"Sisi masista hatuna kabila," akajibu. Hilo ndilo jibu lake siku zote.

Nikamfinya. Nilimfinya kiunoni, Mungu anisamehe, mtawa. "Sema," nikamnong'oneza.

"Nimezaliwa Tabora," akasema kwa shingo upande. "Mnyamwezi."

Simoni alikuwa wa kwanza kupiga kelele. "Ohoo! Kulwa, mtani wako huyo! Umempa mtani soda badala ya maji ya kuoshea miguu!"

Kila mtu wa Morogoro anajua mambo haya. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani anaweza kukutukana msibani ukacheka. Anaweza kuchukua chungu chako jikoni kikichemka, na huruhusiwi kumnyang'anya, utamwomba na utamkomboa. Kulwa alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu tufike nikaona meno yake.

"Mpagazi!" akasema. "Kumbe ndiyo maana umefika kwa pikipiki, mizigo ya kichwani imekuchosha!"

Sista aliganda. Nilijua kinachopita kichwani mwake: heshima ya vazi lake, madereva wanatazama, miaka yote ya kujichunga. Niliwaza, Bwana, mwanamke huyu hajawahi kumtania mtu hata mara moja. Kisha akaweka chupa ya soda chini.

"Tulibeba, ndiyo," akasema polepole. "Na nyinyi mlikaa njiani kutuuzia maji ya mto, maji ambayo hata Mungu aligawa bure."

Gereji nzima ililipuka. Kulwa alipiga makofi.

"Na bado," Sista akaendelea, sasa anasogea, "jina lenyewe unalotembelea ni letu. Kulwa na Doto ni majina ya kwetu. Mmetuibia majina, mmeyatumia bila kuomba, mpaka yamechakaa. Leo nimekuja kuchukua changu."

Akainama, akaiokota spana ya tairi iliyokuwa miguuni kwa Kulwa, akarudi nayo kwenye kiti, akaiweka, akaikalia.

Sijui niseme nini zaidi. Shela imenyooka, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kama yuko kanisani siku ya Pasaka. Simoni alicheka mpaka akashika bampa. Halafu akakumbuka kwamba lori lililoning'inia ni lake. "Kaka, mkomboe mtani wako! Mimi natakiwa Tunduma!"

Kulwa alizunguka kiti mara mbili. "Haya, mtani. Unataka nini?"

"Mwali."

Kicheko kikakatika.

"Sio wa kuondoka naye," Sista akasema, na sasa hakuwa anatania. "Siku mbili tu. Afanye mtihani, arudi ndani. Novemba umtoe kwa ngoma yako yote, na mimi nitakuja kucheza, nikivunjika mguu utaniunga na spana hii."

"Mwali haazimwi."

"Hataonekana. Hatasema. Hatakanyaga chini."

"Atafikaje shuleni bila kukanyaga chini? Ataruka?"

"Siku ya ngoma mwali wenu anatokaje?"

Kulwa aligeukia lori.

"Anabebwa mabegani," nikajibu mimi.

"Na nani?" Sista alikuwa bado anamtazama Kulwa. "Si watu wa ukoo wake? Wewe si mtu wa ukoo wake?"

Magari yalipita, moja, jingine. Kulwa aliitazama mikono yake yenye grisi. "Nitafikiri," akasema mwishowe. "Nipe spana yangu."

"Nikimwona Yusrah kwenye dawati lake."

Na mwanamke huyu akaitia spana ya watu kwenye mkoba wa shirika, akawasha pikipiki. Nyuma yetu nilisikia Simoni akiita gereji ya jirani aazimwe nyingine.

Wiki ile Kulwa hakupiga simu. Hakumpigia Doto, hakumpigia Mudi, wala mtu yeyote. Sista hakusema lolote, ila Jumatatu aliokota chaki zote kwenye dawati la Yusrah, akanipa kwenye kitambaa.

"Mimi siruhusiwi kuingia kule. Wewe ulichezwa ngoma?"

"Nilichezwa."

"Basi wewe unaingia. Kule ndani si kuna kufundwa? Mfunde sehemu na desimali."

Nikaenda kila jioni. Bibi wa Yusrah, mama mdogo wa Doto, aliguna mara ya kwanza, akaniuliza desimali inamsaidia nini mwanamke kwenye ndoa. Nikamwambia itamsaidia asipunjwe na mume kwenye kugawa mavuno. Akasogea akanipisha. Chumba kilikuwa na giza, Yusrah amekaa kwenye mkeka, amepauka kidogo kwa kukosa jua, na alipoziona zile chaki alizishika kwa mikono miwili, akalia bila sauti. Nami nililia. Hatukuwa na ubao, kwa hiyo aliandika kwenye mlango, upande wa ndani. Siku ya tatu mlango ulikuwa umejaa mpaka mkono wake ulipofikia, na bibi alikuwa akiwakataza wanawake wengine wasiuegemee.

Jioni ya mwisho Yusrah alininong'oneza, "Mwalimu, mjomba atakuja?"

Nikasema sijui. Ningetoa chochote ili niseme jibu lingine.

Asubuhi ya mtihani msimamizi alikuwa mama mmoja kutoka Kilosa mjini, Madamu Gaudiosa, na askari mwenye bunduki amesimama mlangoni kama inavyokuwa siku hizo. Watoto walikaa. Dawati moja la mbele lilikuwa tupu. Sista alikuwa amemweleza msimamizi mambo yote, na msimamizi alikuwa amejibu lile analopaswa kujibu: akija kabla ya kuanza, akaniruhusu nimwone uso, atafanya. Akija baada, siwezi.

Sista alisimama langoni na mkoba wake. Ndani ya mkoba mlikuwa na spana. Mwalimu Lusekelo alimwendea, akamwambia taratibu kwamba amefanya alichoweza. Nilimwona midomo inatembea, sijui alikuwa anasali au anafanya hesabu ya dakika.

Ndipo tukasikia vigelegele.

Vilikuwa vya sauti moja tu, nyembamba, ya mtu asiyezoea kupiga. Ilikuwa Doto. Alikuwa anakuja mbele katikati ya barabara, uso juu, nasema uso juu, anapiga vigelegele kwa nguvu zake zote, na nyuma yake anakuja Kulwa, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, ile aliyokuwa ameinunua kwa ajili ya ngoma ya Novemba, jasho limeilowesha mgongo mzima. Mabegani mwake amembeba mwali, amefunikwa kanga mpya kuanzia kichwani mpaka vidoleni. Mudi alikuwa pembeni na mwavuli, akimkinga mtoto jua, akikimbia kidogo kidogo ili asiachwe. Bibi alifuata na mkeka.

Nililia tena. Sitaki kusingizia vumbi.

"Askari," Sista aliita kwa sauti yake ya darasani, "geuka nyuma!" Na askari, bunduki na yote, akageukia ukuta. Wavulana wote darasani waliinamisha vichwa kabla hawajaambiwa. Kulwa aliinama kwenye kizingiti akapita na mzigo wake. Sista alikuwa amekwisha kuvua koti lake la mvua na kulitandika chini ya dawati, bibi akaweka mkeka juu yake, na Kulwa akamshusha mtoto kwenye kiti taratibu, miguu ikatua juu ya mkeka. Madamu Gaudiosa alifunua kanga kidogo, akatazama, akaifunika tena, akaacha upenyo wa macho na mkono wa kuandikia. "Ni yeye," akasema, na sauti yake haikuwa ya kiserikali kabisa.

Siku mbili Kulwa alimbeba asubuhi, akakaa nje ya uzio na kanzu yake, akambeba kurudi. Yusrah hakunywa maji tangu alfajiri ili asilazimike kutoka nje. Hakusema neno na mtu.

Karatasi ya mwisho ilipokusanywa, Sista alitoka nje, akaitoa spana. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa cha altare kilichozeeka, kama kitu kitakatifu. "Mtani, nimemwona kwenye dawati lake. Chukua chako. Najua imekutesa kazini."

Kulwa aliitazama, akaanza kucheka. "Mtani, nilinunua nyingine Jumamosi ileile. Nyinyi mlikuwa hamjafika hata Ulaya."

Sista alibaki ameshika spana mkononi. "Sasa umekuja kwa nini?"

"Wewe ulidhani nimetembea na kanzu juani kuja kukomboa chuma?" Akamtazama Doto, aliyekuwa amesimama na wanawake wenzake, akiongea, mkono kiunoni, hamwombi mtu radhi. "Kaa nayo. Akienda sekondari nitakuja kukudai. Na asipofaulu nitakuja kukudai vilevile, uanze naye upya." Akaingia darasani, akapiga goti, mwali akapanda mabegani.

Walipopita langoni, Sista alisogea kando kuwapisha. Yeye ni mtu wa maneno ya kuwaaga wanafunzi, ana hotuba yake ya kila mwaka, lakini siku hiyo haikumjia. Mwali naye haruhusiwi kusema. Kutoka chini ya kanga ukatoka mkono mmoja, ukatafuta mkono wa Sista, ukaacha kitu ndani yake, ukarudi.

Nilimsogelea nione. Ilikuwa chaki, kipande kimoja, kidogo kama punje ya hindi. Vingine vyote alikuwa amevimaliza.